Januari, Popo na Chumba Kilichofungwa

Akina mama watano, mshumaa mmoja na rundo la madaftari. Tulianza kwa utani wa kutishana, tukamaliza na siri niliyokuwa nimemficha mume wangu kwa wiki tatu.

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Sikukuu zimepita, pilau limekwisha, halafu mtu anakukumbusha kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu. Moyo haukudundi? Kama haudundi, basi ama huna mtoto, ama una mjomba mwenye benki. Sisi wengine tunaijua Januari kwa jina lake la mtaani, Njaanuari, na tunaiogopa kuliko mzuka wowote.

Mimi na shoga zangu tuko watano. Tulijuana kwenye geti la chekechea huku Tabata, enzi hizo watoto wanalia wakiachwa ndani na sisi tunalia kwenye daladala. Leo mmoja ni mhasibu, mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mmoja nesi, mmoja afisa utumishi, na mimi nauza bima. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, tunakutana kwa mmoja wetu. Tunayavisha madaftari makava ya kaki, tunashona majina kwenye sare, tunakula sambusa na kupeana habari za nyumbani. Nani kafaulu, nani kahama shule, mtoto wa nani kaanza kuota ndevu.

Januari ya 2024 tulikutana kwa afisa utumishi. Mnakumbuka kipindi kile cha mgao wa umeme? Saa moja na nusu usiku, pap! Giza. Mwenyeji wetu akawasha mshumaa, akauweka juu ya tranka jeusi la mwanangu, ambalo nilikuja nalo ili mwalimu mwenye mwandiko mzuri aandike jina kwa rangi nyeupe. Mwanangu alikuwa anaenda kidato cha kwanza, bweni, Morogoro.

Watoto walikuwa sebuleni wakijenga kasri kwa maboksi matupu. Wiki hiyo walipelekwa Posta kununua viatu, wakapita mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902, lenye mnara uliochongoka kwa mtindo wa Kigothi. Mmoja akauliza kama ndiyo nyumba ya Dracula. Basi toka siku hiyo ni popo, minara na mapango tu. Katoto kamoja kakauona mshumaa juu ya tranka, kakapiga kelele, "Jeneza!"

Tukacheka hadi machozi. Na mchezo ukaanzia hapo.

MASHARTI YA KASRI

Mwalimu ndiye aliyetunga masharti, maana walimu hawawezi kukaa bila masharti. Kila mama achague cheo cha kutisha. Aeleze habari za nyumba yake kwa sauti ya kaburini, kana kwamba anaishi kwenye kasri la kale lenye milango inayojifungua yenyewe. Mapambo yawe ya uongo, lakini habari yenyewe iwe ya kweli. Akimaliza, wengine tunaitikia kwa pamoja, "Ole wetu!"

Mhasibu akaanza. Akajifunga kanga kichwani, akajiita Mjane wa Mnara wa Tatu, ingawa mumewe yuko hai kabisa na muda huo alikuwa baa anatazama mpira. "Kabla jogoo hajawika," akanong'ona, "hutokea dude la njano lenye macho mawili ya moto. Hunguruma getini kwangu. Huwameza mapacha wangu wakiwa bado wana usingizi, na huwatapika jioni, mmoja akiwa hana kiatu!"

Ole wetu! Dude ni basi la shule. Mapacha wanaanza darasa la kwanza na itabidi waamshwe saa kumi na nusu alfajiri. Tulicheka, lakini kila mmoja wetu aliona vile vichwa vidogo vinavyolala kwenye kioo cha basi.

Mwalimu akafuata, Bibi Mkuu wa Mizimu. Kwenye ukumbi wake kuna mizimu tisini, wote wana njaa ya elimu, na yeye ana chaki moja. Habari ya kweli: bintiye kachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya kutwa ya serikali. Ada za sekondari za serikali hadi kidato cha nne zilifutwa mwaka 2016, kwa hiyo hapo alishukuru Mungu. Ila sare, viatu, madaftari na nauli havijafutwa na mtu.

Nesi akajiita Malkia wa Popo. Huyu analea peke yake. "Kwenye kasri langu kuna mzimu mmoja wa kiume," akasema polepole. "Hutokea Desemba, ameshika soda ya lita mbili. Hubeba watoto mabegani, huahidi dunia nzima. Ikifika Januari mosi huyeyuka kama moshi. Hauna miguu, hauna sauti, hauna M-Pesa."

Jamani! Mhasibu alimwaga chai. Nesi mwenyewe alicheka kuliko sisi sote, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na alijifuta kwa muda mrefu kidogo. Miaka sita tumejuana, hajawahi kutuambia kwamba yule bwana hachangii hata senti. Tulidhani wanaelewana.

KUMBE HATUKUWA WA KWANZA

Tukiwa tunasubiri chai nyingine, mwalimu akatupa stori. Kule Uingereza aliishi bwana mmoja, Horace Walpole, aliyeigeuza nyumba yake ya Strawberry Hill, karibu na London, iwe kasri la kujifanya. Sehemu ya yale madoido ya dari yalikuwa ya karatasi iliyofinyangwa! Halafu mwaka 1764 akachapisha hadithi ya kasri la mizimu, ndiyo inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kigothi. Kwa hiyo mabishoo wa maboksi walikuwapo kabla ya watoto wetu.

Lakini iliyonigusa ni ya Mary Shelley. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka huko Indonesia, na mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi cha maana, ni mvua na baridi tu. Mary alikuwa na miaka 18, yuko Uswisi karibu na ziwa Geneva na marafiki. Wamefungiwa ndani na mvua, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Yeye akaanza Frankenstein, iliyotoka mwaka 1818. Wakati huo alikuwa mama wa kitoto cha miezi michache, na mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza binti yake wa kwanza. Mama mwenye jeraha, usiku wa mvua, kwenye mchezo wa utani, akaandika habari za mtu anayeumba kiumbe halafu anakikimbia.

Na sisi wa huku tusijifanye hatuna vyetu. Nani hakutishiwa mumiani utotoni? Nani hakusimuliwa Popobawa aliyewakesha watu nje kule Pemba na Unguja mwaka 1995? Nani hakuangalia Nsyuka na Shumileta huku kajifunika shuka? Binadamu akibanwa, hutafuta zimwi la kulisingizia.

ZAMU YANGU

Nilikuwa nimechagua cheo mapema, kwa utani tu: Bibi wa Chumba Kilichofungwa. Si unajua kwenye zile hadithi lazima kuwe na chumba ambacho hakuna ruhusa kukifungua?

"Kwenye kasri langu," nikaanza kwa sauti nzito, "kuna vyumba saba. Sita viko wazi. Cha saba ufunguo wake nimeuficha kwenye pochi, chini ya kitambulisho. Usiku nasikia kitu kinakwaruza mlango. Kila mwezi kinanenepa." Wenzangu wakatoa macho. "Bwana wa kasri anapita mbele ya mlango huo kila siku, anapiga mluzi. Hajui."

"Kuna nini ndani?" wakauliza kwa pamoja, kama masharti yanavyotaka.

Nilitaka kusema panya. Nakuapia nilikuwa nimeandaa panya. Mdomo ukasema, "Mkopo."

Hakuna aliyeitikia ole wetu.

Ukweli wenyewe ni huu. Mume wangu ni fundi umeme wa mikataba, na malipo yake ya Novemba yalichelewa. Alikuwa anajinyonganyonga kwa aibu kuhusu ada ya kijana. Mimi, kwa kumwonea huruma, nikakopa shilingi 900,000 kwenye kikoba cha kazini, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Nikalipa. Halafu nikamdanganya kwamba shule imekubali tulipe kidogo kidogo hadi Machi. Akashusha pumzi, akanikumbatia. Na mimi nikajiona mke mwema.

Mhasibu akavua kanga kichwani. Akauliza kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Unatakiwa kurudisha lini?" Nesi akauliza, "Shemeji anajua?" Mchezo ukaishia hapo. Tulikaa hadi saa nne tukipiga hesabu nyuma ya daftari la hesabu la mtu.

HAKUCHEKA

Nilimwambia Baba Watoto kesho yake usiku, watoto wamelala. Nilijaribu kuanza na stori ya kasri, labda itapunguza makali. Hakucheka. Hakufoka pia, bora angefoka. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo nilipokuwa najisifu kwa kaka kwamba shule imenielewa, wewe ulikuwa unanitazama tu?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemficha deni ili nisimwaibishe, kumbe nimemwaibisha kwa namna mbaya zaidi.

Jumatatu tulimpeleka kijana Morogoro. Kwenye basi mume wangu alikaa siti ya mbele yetu. Pale bwenini mwanangu alikalia lile tranka lake, akajifanya mkubwa, hadi tulipoaga. Akauliza, "Siku ya kutembelea mtakuja wote wawili?" Wote wawili. Watoto hawa wanasikia kila kitu, hata ukimya.

Baba yake akamjibu, "Wote wawili."

Kurudi, alikaa siti ya pembeni yangu. Tulipofika Chalinze akaomba simu yangu, akafungua kikokotoo. Kabla ya kuingia Mbezi alikuwa amempigia kaka yake kuomba azimwe pesa, jambo ambalo alilikataa Desemba yote kwa sababu ya kiburi. Lile deni la kikoba tulilimaliza Aprili. La shemeji lilichukua muda zaidi, lakini halikuwa na riba.

Sitakudanganya kwamba yaliisha mara moja. Kuna wiki nyingi alikuwa akiuliza bei ya kitu, halafu anauliza tena, kama mtu anayehakiki. Nilivumilia. Uaminifu nao una riba yake.

Tangu hapo mchezo tumeufanya desturi. Mwaka uliofuata waume waliomba kuingia. Wangu akajiita Mlinzi wa Geti, na habari yake ya kwanza, kwa sauti mbovu ya kaburini, ilikuwa kwamba malipo yake yatachelewa tena. Nilimwitikia kwa nguvu kuliko wote.

UKITAKA KUJARIBU

• Zimeni taa na simu. Mshumaa mmoja unatosha, ila usiusogeze karibu na makava.

• Watoto wacheze raundi ya kwanza, halafu wakalale. Raundi ya pili ni ya wakubwa.

• Mtu akisema la kweli, msimkatishe kwa kicheko. Na lisitoke nje ya hiyo nyumba.

• Mchezo usikae badala ya mazungumzo. Ukishasema mbele ya marafiki, mwenzako anastahili kusikia kabla ya kesho kuisha.

Je, wewe mwenzangu? Shule zikifunguliwa, kasri lako lina vyumba vingapi, na funguo ziko kwenye pochi ya nani?