Fahamu: Kwa nini alama za kipimo cha kumbukumbu hutofautiana kwa wazee wa China

Chora saa. Nakili mchemraba. Kumbuka maneno matano baada ya dakika chache. Hicho ndicho kipimo cha MoCA kilichobuniwa Montreal, Kanada: alama 30, na anayepata chini ya 26 hutiliwa shaka.

Sasa mpe bibi wa kijijini China ambaye hakuwahi kushika penseli. Akishindwa mchemraba, kusema akili yake imeanza kufifia ni kumwonea. Ndiyo maana kwa kipimo kingine, MMSE, watafiti wa Shanghai waliweka mipaka kulingana na elimu: 17 kwa asiyesoma, 20 kwa aliyeishia shule ya msingi, 24 kwa aliyevuka hapo.

Hata hivyo, alama ndogo pekee haithibitishi ugonjwa. Usikivu hafifu, sonona au upungufu wa vitamini B12 pia huishusha.