Mali Bila Daftari: Namna ya Kupanga Huduma na Bei za Diko Letu Katika Kompyuta

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita tulipokea barua ya mwenzetu mmoja anayekaa Dutumi, huko Pwani, upande wa Kibaha na Kisarawe. Mikarafuu yake ingali huku kisiwani, lakini mwenyewe amekwenda bara kulima muhogo. Alikuwa amewaletea ndugu zake magunia arobaini ya makopa, yakashuka katika diko letu na kulala ghalani mwetu. Alipopewa hesabu alistaajabu, akatuandikia maswali matatu.

La kwanza: kwa nini mzigo ule ule kila kituo upimwe kwa kipimo kingine? La pili: kwa nini alitozwa siku mbili, hali magunia yalilala usiku mmoja tu? La tatu: kwa nini jirani yake, mwenye uzito sawasawa na wake, alilipa nusu?

Tulifungua daftari tukachungua, tukaona mwenzetu ana haki. Kosa si la karani, wala si la kompyuta. Kosa ni letu sisi wa ofisini, tuliojaza bei ndani ya programu kabla ya kujiuliza vizuri bei yenyewe ni ya kitu gani. Kwa hivyo tumeona yafaa tueleze jambo hili kwa urefu, maana katika mkutano mkuu ujao tutaombwa sote kulikata shauri.

Kompyuta haijui bei

Programu tunayotumia ni ya namna ile iliyotungwa kwa ajili ya marina, yaani bandari ndogo za boti za matembezi, ambako kila chombo hulipia mahali pa kufunga, maji, umeme na ulinzi. Diko letu si marina, lakini kazi ni moja: vyombo huja, hufunga, hushusha, huondoka, na kila huduma ina bei yake.

Wengi hudhani kwamba mashine hii itatupangia bei. Sivyo. Kompyuta ni kama karani mwenye hati nzuri asiyeuliza swali. Ukimwambia jambo la haki atalirudia mara elfu, na ukimwambia jambo la dhuluma atalirudia vile vile. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lililopangwa vibaya hupoteza mali kwa habari, tena na risiti juu yake.

Bei ya karafuu si yetu kuipanga. Hutangazwa na Serikali, na mnunuzi ni Shirika la ZSTC, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1968. Lakini bei ya diko na ghala ni shauri letu wenyewe, na tukikosea hatuna wa kumlaumu.

Huduma ipewe jina lake

Jambo la kwanza ni kuandika kila huduma peke yake. Sisi tuliandika neno moja tu, "Diko", tukatia humo kufunga chombo, kushusha mzigo na kulaza mzigo ghalani. Mwanachama akipata risiti hawezi kujua amelipia nini.

Yapasa tuandike hivi: kufunga chombo, mstari mmoja, kushusha mzigo, mstari wa pili, ghala, mstari wa tatu, kutumia mizani, mstari wa nne, maji, mstari wa tano. Kila mstari uwe na namba yake na bei yake. Asiyetumia maji asilipie maji. Na malipo ya wachukuzi, ambao si watumishi wa chama, yasichanganywe na fedha zetu hata kidogo.

Kipimo ndicho haki

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza na la tatu. Bei ina sehemu mbili: kiasi cha fedha, na kipimo kinachotozwa. Watu hugombania fedha wakasahau kipimo, na dhuluma hujificha katika kipimo.

Sisi wakulima wa karafuu twalijua jambo hili tangu zamani. Mchumaji alilipwa kwa pishi, yaani kwa ujazo, na pishi moja ni vibaba vinne. Mwenye shamba aliuza kwa frasila, yaani kwa uzito, na frasila ya Unguja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Karafuu ni zile zile, lakini vipimo viwili, kwa sababu kazi zilikuwa mbili.

Ndivyo ulivyosafiri mzigo wa mwenzetu. Kutoka Dutumi hadi Dar es Salaam mwenye lori alihesabu magunia, kwani anajua lori lake linachukua mangapi. Penye bahari kuna desturi nyingine iliyoenea ulimwenguni: hutazamwa tani moja ya uzito na mita moja ya ujazo, kisha hulipiwa ile inayozidi. Sababu yake ni kwamba chombo huweza kujaa kwa nafasi kabla hakijajaa kwa uzito. Mwenye chuma hulipia uzito, na mwenye karafuu hulipia nafasi, maana tani moja ya karafuu kavu hukalia zaidi ya mita moja ya ujazo. Na huko huko Wilaya ya Kibaha, katika kata ya Kwala, imefunguliwa mwaka 2025 bandari kavu ya kupokea makontena yatokayo bandari ya Dar es Salaam. Kontena hutajwa kwa urefu, la futi 20 au la futi 40, na watu huhesabu makontena, hawahesabu magunia yaliyomo. Kila mmoja amechagua kipimo kinachofanana na kitu anachokitoa.

Je, ghala letu linatoa kitu gani? Linatoa nafasi na ulinzi. Lakini sisi tulitoza Sh. 100 kwa kila gunia kwa siku, bila ya kusema gunia la kilo ngapi. Tazameni yaliyotokea kwa usiku mmoja:

Mwenzetu wa Dutumi alikuwa na magunia 40 ya kilo 25, jumla kilo 1,000. Kwa siku moja ni Sh. 4,000.

Jirani yake alikuwa na magunia 20 ya kilo 50, jumla kilo 1,000 vile vile. Kwa siku moja ni Sh. 2,000.

Makopa ni yale yale, uzito ni ule ule, na nafasi waliyokalia haikupitana sana. Lakini mwenye magunia madogo alilipa mara mbili. Na ni nani kwa kawaida mwenye magunia madogo? Ni yule asiyeweza kuajiri wachukuzi, anayebeba mzigo wake mwenyewe, au mama mjane anayesaidiwa na wanawe. Kwa hivyo, bila ya kukusudia, tulikuwa tukimtoza maskini ili kumpunguzia mwenye nacho.

Tukitoza Sh. 3 kwa kilo kwa siku, kila mmoja wao angelipa Sh. 3,000. Jumla ni Sh. 6,000, sawasawa na ile ya zamani. Mfuko wa chama haupungui hata senti, ila mzigo umegawanywa kwa haki.

Kwa vyombo, marina hutoza kwa urefu wa chombo, kwa kuwa chombo kirefu huchukua sehemu kubwa ya gati. Nasi twaweza kufanya hivyo. Tuseme bei ni Sh. 1,000 kwa mita kwa siku: mashua ya mita 8 italipa Sh. 8,000. Urefu upimwe mara moja kwa kamba mbele ya nahodha, uandikwe, usikadiriwe kwa macho kila mara.

Siku huanza saa ngapi?

Swali la pili ndilo lililotuaibisha. Magunia ya mwenzetu yaliingia ghalani saa nne usiku, yakatoka saa kumi na moja alfajiri. Ni saa saba tu. Lakini kompyuta hugeuza tarehe saa sita usiku. Iliona tarehe mbili, ikatoza siku mbili. Akalipa Sh. 8,000 badala ya Sh. 4,000.

Sisi twaihesabu siku kuanzia magharibi, na saa zetu huanza alfajiri na jioni. Mashine haijui hayo mpaka iambiwe. Ndani ya programu kuna mahali pa kuchagua: kuhesabu tarehe, au kuhesabu muda wa saa 24 tangu mzigo ulipoingia. Sisi hatukuchagua, nayo ikajichagulia. Katika kisiwa ambacho vyombo hufuata maji na upepo, na mara nyingi hufika usiku, njia ya pili ndiyo ya haki.

Tumekwisha kubadili jambo hili. Mwenzetu wa Dutumi amerudishiwa Sh. 4,000, na jirani yake Sh. 2,000. Yeyote mwingine ambaye mzigo wake uliingia baada ya giza na kutoka kabla ya jua, na alete risiti yake ofisini atazamiwe.

Mlipaji ni nani?

Programu huruhusu huduma moja kuwa na bei zaidi ya moja: ya mwanachama, na ya mgeni. Hilo ni jema, lakini sharti liandikwe mbele ya watu. Kama wavuvi wa ngalawa hapa kijijini wasilipe, na tuandike "ngalawa, bure". Kama mwanachama apunguziwe robo, na tuandike robo. Lisilofaa ni kumwachia karani apunguze kwa hisani, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Karani naye ni mtu, ana shemeji na ana jirani. Tukimpa mlango wa hisani tumemtia katika lawama asiyoweza kuikwepa.

Kodi na tarehe

Mambo mawili madogo yana madhara makubwa. Moja ni kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango chake cha kawaida ni 15 kwa mia Zanzibar na 18 kwa mia Tanzania Bara. Anayepaswa kuitoza lazima aiambie kompyuta kama bei iliyoandikwa ina kodi ndani yake, au kodi itaongezwa juu. Bei ya Sh. 10,000 kodi ikiwa juu, mteja wa Zanzibar atalipa Sh. 11,500. Ikiwa ndani, atalipa Sh. 10,000 ile ile, na fungu letu litakuwa Sh. 8,696 hivi. Tofauti hiyo ikisahauliwa, mwisho wa mwaka hulipwa kutoka mfuko wa chama.

La pili ni tarehe. Bei ikibadilika, ya zamani isifutwe. Iandikwe siku ilipokoma, na mpya iandikwe siku inapoanza. Anayefuta bei ya zamani hubadili hesabu za nyuma, na mkaguzi akija hatapata ukweli. Mzigo ulioingia kabla ya bei mpya umalize kwa bei uliyoingia nayo, kwani ndiyo mapatano tuliyofanya na mwenyewe.

Tujaribu kabla ya kuamini

Bei mpya zikiisha kujazwa, tusizianze siku ile ile. Tumeazimia kuchukua risiti kumi za msimu uliopita, kubwa na ndogo, za mchana na za usiku. Kila moja tutaipigia hesabu kwa mkono kwa bei mpya, kisha tutampa kompyuta. Majibu yakilingana yote kumi, tutaanza. Likikosa hata moja, tutatafuta sababu. Na orodha nzima ya huduma, vipimo na bei itabandikwa mlangoni pa ghala kwa herufi kubwa, ili asiyejua kompyuta ajue haki yake.

Ya kukata shauri

Yaliyobaki si kazi ya ofisi, ni kazi yenu. Tafadhali njooni mkutanoni na majibu ya mambo haya:

1. Je, ghala litozwe kwa kilo badala ya gunia? Jueni kwamba wenye magunia makubwa watalipa zaidi kuliko zamani, na ni vizuri wasikie sasa kuliko kusikia mlangoni.

2. Je, chombo kitozwe kwa mita, na ngalawa za hapa ziachwe bure?

3. Je, mwanachama apunguziwe, na kwa kiasi gani?

4. Je, ile Sh. 1,000 ya mwenzetu wa Dutumi, iliyozidi kwa sababu ya gunia dogo, irudishwe? Bei ya gunia ilikuwa imekubaliwa na mkutano, kwa hivyo sisi hatuna mamlaka ya kuirudisha. Lakini tukimrudishia yeye, wako wengine wengi wenye haki kama yake, na fedha hizo zitatoka katika mfuko uleule wa kutengeneza paa la ghala.

Mwenzetu hakuandika kwa ugomvi. Mwisho wa barua yake alisema kwamba angeweza kunyamaza, ila aliona anayenyamaza humwachia mwenziwe kutozwa kesho. Tunamshukuru. Barua moja ya namna hii ni bora kwetu kuliko sifa kumi.

Wenu katika kazi,
Katibu