Suluhu juu ya dhulma haizai amani: Funzo la vita vya Marekani

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na Masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, kuwapatanisha watu ni katika amali bora. Allah (SW) ametufahamisha katika Suratun Nisaa, aya ya 128, kuwa suluhu ni kheri. Lakini Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, ameiwekea suluhu mpaka wake: inajuzu baina ya Waislamu, isipokuwa ile inayoharamisha lililo halali au kuhalalisha lililo haramu. Leo tutauangalia mpaka huo kupitia historia ya Marekani, taifa ambalo kwa zaidi ya miaka 70 lilipatana juu ya utumwa, na kila mapatano yakaikuza fitina iliyokusudiwa kuzimwa.

Mapatano ya awali

Mwaka 1787 wajumbe wa majimbo walikutana Philadelphia kuandika katiba. Uchumi wa Kusini ulitegemea watumwa, ilhali baadhi ya majimbo ya Kaskazini yalikwishaanza kuuacha utumwa. Ili umoja usivunjike, walikubaliana kuwa katika kugawa viti vya Bunge kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Biashara ya kuwaleta watumwa isipigwe marufuku kabla ya mwaka 1808. Na mtoro arejeshwe kwa bwana wake. Neno "mtumwa" lenyewe hawakuliandika. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa dhambi ni lile linalokukereketa moyoni nawe ukachukia watu walijue.

Baadhi yao walitaraji kuwa utumwa ungekufa wenyewe. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, na faida ikapanda. Watumwa waliokuwa karibu 700,000 mwaka 1790 walikaribia milioni nne mwaka 1860, na pamba ikawa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje. Kaskazini nayo haikuwa safi, kwani viwanda vyake vilisokota pamba hiyo hiyo. Nguo zake zilifika hadi Unguja, na wazee wetu wakaziita merikani.

Wasioulizwa

Miongoni mwa watu waliojadiliwa bila ya kuulizwa walikuwamo Waislamu. Omar ibn Said, msomi wa Futa Toro, katika Senegal ya leo, alitekwa na kufikishwa Charleston mwaka 1807. Alitumikishwa North Carolina hadi kufa kwake, vita vikiwa havijamalizika. Ingawa huko utumwani alibatizwa, mwaka 1831 alipoandika kwa Kiarabu habari za maisha yake alianza na Suratul Mulk, sura inayomtukuza Yule ambaye ufalme wote umo mkononi mwake. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mwenzake alitangulia kutaja ni nani Mwenye kumiliki, ndipo akajieleza yeye.

Fitina inakua

Mwaka 1820 yalifikiwa mapatano kuwa Missouri iingie katika Muungano ikiwa jimbo la utumwa na Maine ikiwa jimbo huru, kisha ukachorwa mstari wa kuzigawa ardhi za magharibi: upande wa kaskazini utumwa marufuku, upande wa kusini ruhusa. Mwaka 1850 California ilipokelewa kuwa huru, na Kusini ikatulizwa kwa sheria kali iliyowalazimisha hata raia wa Kaskazini kusaidia kuwakamata watoro. Aliyedhani utumwa haumhusu akaukuta mlangoni kwake.

Mwaka 1854 Bunge liliufuta mstari wa mwaka 1820 na kuwaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe, na Kansas ikageuka uwanja wa kumwaga damu. Mwaka 1856 mbunge wa Kusini, Preston Brooks, alimpiga Seneta Charles Sumner kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti mpaka akazirai. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dred Scott, iliamua kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia, na kuwa Bunge halina uwezo wa kuuzuia utumwa katika maeneo mapya.

Hata nyumba za ibada ziligawanyika: Wamethodisti mwaka 1844, Wabaptisti mwaka 1845. Wahubiri wa Kusini waliutetea utumwa kwa Biblia. Tusiwacheke. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na mashamba ya karafuu ya Waislamu yalilimwa na watumwa, hali Qur'ani imekufanya kumuacha huru mtumwa kuwa kafara ya madhambi, fungu la zaka, na katika Suratul Balad, njia ya kuupanda mlima mgumu.

Novemba 1860 alichaguliwa Abraham Lincoln, aliyesimama juu ya ahadi ya kuuzuia utumwa usienee zaidi. Desemba 20 South Carolina ilijitenga. Mwishowe yakajitenga majimbo 11. Aprili 12, 1861 mizinga iliipiga ngome ya Sumter. Mpaka vita vinakwisha mwaka 1865, watu wasiopungua 620,000 walikuwa wamekufa. Mwaka huo huo utumwa ulifutwa kikatiba. Lincoln, akiapishwa mara ya pili mwezi Machi 1865, alieleza kuwa huenda vita hivyo ni adhabu ya Mungu kwa Kaskazini na Kusini kwa pamoja.

Funzo kwa nyumba zetu

Ndugu msomaji, katika mapatano yote hayo aliyelipa gharama ya amani hakuwapo barazani. Tujiulize kama si hivyo hivyo majumbani mwetu. Baba anafariki, wanawe wa kiume wanakaa na wazee, wanakubaliana shamba lisigawanywe ili "kulinda umoja wa familia". Dada aliyeolewa mbali anapelekewa habari. Mjane anaambiwa astahimili. Mayatima hawaulizwi, nao hawajafikia umri wa kuulizwa. Kisha tunasoma Fatiha na kusema yamekwisha.

Hayajakwisha. Suratun Nisaa, aya ya 7, imewapa wanaume na wanawake mafungu yao, mali iwe kidogo au nyingi, na aya ya 10 imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kuwa wanakula moto. Mtu mzima akisamehe fungu lake kwa ridhaa, baada ya kujua haki yake, hilo ni lake. Lakini kumnyamazisha kwa haya au kwa hofu ya kutengwa si suluhu. Ni deni, na huenda watakaolilipa ni wajukuu wasiosalimiana.

Basi anayeitwa kusuluhisha aulize kwanza: Ni nani anayeilipia amani hii? Na je, yupo hapa? Kama hayupo, na aitwe kabla ya Fatiha kusomwa.

Tunamuomba Allah (SW) atuongoze kusuluhishana kwa haki, na atuepushe na amani inayojengwa juu ya mgongo wa mnyonge. Amin.

Wabillahi tawfiq.