Joshini na Demani: Lugha na Usalama wa Michezo ya Upepo katika Fuo za Afrika Mashariki

Utangulizi

Mji wa Emali, katika Kaunti ya Makueni, uko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Hata hivyo, mkazi wa Emali anaifahamu mada ya makala haya pengine kuliko anavyodhani. Hapo ndipo barabara iendayo Loitokitok inapochepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Malori, mabasi, bodaboda na mifugo iendayo sokoni hugawana nafasi moja. Kinachowanusuru watu pale ni kanuni ambazo kila mmoja anazielewa: gari hukaa kushoto, na anayeingia barabara kuu humpisha aliyemo.

Baharini hakuna mstari uliochorwa. Katika fuo za Diani na Watamu nchini Kenya, na Paje kule Unguja, wanamichezo wanaovutwa na tiara na wale wanaosimama juu ya ubao wenye tanga hutumia maji yale yale yanayotumiwa na wavuvi, waogeleaji na wakulima wa mwani. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni zinazowawezesha wote hao kutumia bahari bila kuumizana, na kuonyesha kwamba msamiati wa kuzielezea umo tayari katika Kiswahili cha mabaharia.

Michezo yenyewe na msamiati wake

Ubao wa tanga ulibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1960, na ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984. Ubao wa tiara ni mdogo wake. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliombea hataza tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984, na mchezo huo ukafika Olimpiki mwaka 2024.

Tofauti ya vyombo hivi viwili ndiyo chanzo cha ugumu wa kugawana maji. Mwenye tanga hushika nguvu yake mkononi. Akitaka kusimama huliachia tanga likaanguka majini. Mwenye tiara huvutwa na nyuzi zenye urefu wa takribani mita 20 hadi 25. Nyuzi hizo ni nyembamba, ni vigumu kuziona kwa mbali, na zikikazwa zinaweza kukata ngozi. Kwa hiyo mtu mmoja wa tiara huchukua eneo kubwa kuliko mwili wake unavyoonyesha.

Ili kueleza eneo hilo, mabaharia wetu walituachia maneno mawili. Upande unakotoka upepo huitwa joshini (wengine husema goshini), na upande unakoelekea huitwa upande wa demani. Demani vilevile ni jina la msimu unaofuata kilele cha kusi, lakini muktadha hauachi utata. Maneno haya yanafaa kuliko tafsiri sisisi kama vile "juu ya upepo" na "chini ya upepo", kwa kuwa msikilizaji anayeambiwa "pita chini" anaweza kudhani kwamba anaagizwa apite chini ya tiara, mahali ambapo hapaswi kabisa kuwapo.

Kanuni za kupishana

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972, ndizo msingi. Vyombo viwili vya tanga vikienda huku upepo ukivipiga upande mmoja, kilicho joshini humpisha mwenzake aliye demani. Upepo ukivipiga pande tofauti, kinachoupokea kwa mkono wa kushoto humpisha anayeupokea kwa mkono wa kulia. Kwa mtu wa ubao jambo hili ni rahisi kulikumbuka: ambaye mkono wake wa kulia umetangulia mbele ana haki ya kuendelea. Aidha, anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kujiepusha naye.

Tiara imeongeza kanuni zake. Watu wawili wa tiara wakipishana, aliye joshini huinua tiara yake na aliye demani huishusha. Sababu ni kwamba nyuzi za wa joshini huelekea demani, yaani juu ya kichwa cha mwenzake. Anayetaka kuruka hewani hufundishwa ahakikishe kwamba pana nafasi wazi ya mita 50 upande wa demani na mita 30 joshini. Naye mwenye tanga anayempita mwenye tiara ni heri apite joshini, kwani mlingoti wake wenye urefu wa mita 4 au zaidi unaweza kunasa nyuzi. Hali kadhalika, aliyeanguka na tiara huzungukwa kwa upande wa joshini, maana nyuzi zake zimelala majini upande wa demani.

Misimu miwili, hukumu mbili

Karibu na ufuo ipo kanuni nyingine: anayeingia majini hupewa nafasi kabla ya anayerudi, kwa sababu wa kwanza yumo katika maji mafupi na penye msongamano. Fuo tulizozitaja zinaelekea mashariki. Wakati wa kusi, upepo hutoka upande wa kusini, na aendaye baharini huupokea kwa mkono wa kulia. Hapo kanuni ya mkono na kanuni ya ufuo humpa haki mtu yule yule. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, mambo hugeuka. Anayerudi ufuoni ndiye anayeupokea upepo kwa mkono wa kulia, ilhali kanuni ya ufuo ingali inamtetea anayetoka. Wawili hao wanaweza kugongana huku kila mmoja akiamini kwamba haki ni yake. Kwa hiyo inafaa wanaotumia ufuo mmoja wakubaliane mapema ni wapi kanuni ya ufuo inakoma na ya bahari inaanza.

Wasiosomeshwa kanuni

Hadi hapa tumewazungumzia wanaolipa ili wafundishwe. Walio hatarini zaidi aghalabu ni wale ambao hawajawahi kuelezwa lolote. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wao hufanya kazi maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, ilhali mwanamichezo huhitaji maji yaliyojaa. Saa zao hutofautiana, lakini maji yanapoanza kujaa hukutana: mkulima angali anafunga mwani, na tiara zimekwisha kupaa. Baadaye maji huzifunika mambo za shamba, zikawa hatari kwa mwenye ubao, na ubao nao ukawa hatari kwa shamba. Mvuvi mwenye nyavu majini hawezi kugeuka upesi, hivyo mwenye ubao ndiye wa kupisha. Muogeleaji hupishwa na wote.

Ni jambo la kusikitisha iwapo maonyo ufukweni yataandikwa kwa lugha za wageni pekee, ilhali anayepita chini ya nyuzi ni mama wa kijijini au mtoto atokaye shuleni. Kanuni isiyoeleweka na mmoja wa wanaopishana haimlindi hata yule anayeielewa.

Hitimisho

Tumeona kwamba usalama wa michezo hii hutegemea kujua upepo unatoka wapi na nani ana uwezo mkubwa zaidi wa kugeuka. Tumeona pia kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kulieleza jambo hili. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kuyatoa maneno hayo kamusini na kuyarejesha ufukweni. Kibao cha sentensi nne kingetosha kuanzia: "Usipite wala kuketi upande wa demani wa tiara. Usishike nyuzi zake hata zikiwa zimelala. Mwenye ubao, mpishe muogeleaji, mvuvi na mkulima wa mwani. Usiingie majini upepo ukitoka nchi kavu, kwani utakupeleka mbali na pwani."

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Nayo tahadhari, ili ifae, sharti isemwe kwa lugha ya anayetahadharishwa.