Tusiogope Kumwuliza Mgonjwa

"Sista, tafadhali msimwambie. Akijua atakata tamaa."

Maneno hayo tuliambiwa mlangoni, kabla hatujavua viatu, na mume wa mama mmoja wa hapa Keko tuliyekwenda kumwona. Mkewe alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alikwisha kupigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, lakini ugonjwa ulirudi na kuenea. Madaktari walimweleza mume kwamba matibabu yaliyobaki ni ya kupunguza maumivu tu.

Tuliingia, tukaongea habari za kwaya na bei ya mchele. Mume alipotoka kwenda kuchota maji, mama yule akatushika mkono. "Dada zangu, humu ndani kila mtu ananificha. Mimi ndiye ninayelala na ugonjwa huu. Nani ataniuliza ninachotaka?"

Akina mama wenzetu, swali hilo lilituchoma, kwa sababu tulikwisha kukosea. Miezi michache kabla ya hapo tulimwuguza mama mwingine, tukanyamaza pamoja na ndugu zake. Alipofariki, upande wa mume ulitaka azikwe hapa Dar es Salaam, upande wa kwao ukataka asafirishwe. Siku tatu watoto wake waliwasikiliza wakubwa wakigombea maiti ya mama yao. Neno lake moja lingemaliza ugomvi ule.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kuwa kutaja kifo ni uchuro. Lakini Yakobo aliwaita wanawe akawaagiza mahali pa kumzika. Naye Bwana wetu, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake. Kupanga si kukosa imani.

Tufanyeje basi?

Kwanza, tusikilize. Tumwulize mgonjwa anaelewa nini juu ya ugonjwa wake, na angependa kujua kiasi gani. Asiyetaka kujua zaidi asilazimishwe.

Pili, tumwulize mambo yanayomhusu. Anaogopa nini? Angependa kuuguzwa nyumbani au hospitali? Akishindwa kusema, nani amsemee? Watoto walelewe na nani? Azikwe wapi? Haya hayamalizwi siku moja, na mgonjwa ana haki ya kubadili mawazo.

Tatu, yaandikwe angali na akili timamu. Mambo ya mali yawekwe katika wosia wenye tarehe, sahihi na mashahidi wasiorithi. Ofisi za RITA husaidia kuandika wosia na kuutunza.

Nne, maumivu yatulizwe. Mtu anayeugulia usiku kucha hawezi kupanga lolote. Wako wanaoiogopa mofini ya maji wakidhani inaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haiharakishi. Dk. Anne Merriman alianza kuitumia kwa wagonjwa wa Uganda mwaka 1993, na hapa kwetu Ocean Road nao huitumia. Inywewe kwa saa zilizoandikwa, tusingoje maumivu yapande. Kwa kuwa hufunga choo, tuombe na dawa ya kulainisha.

Tulirudi kwa yule mume tukamwuliza, "Shemeji, unadhani mkeo hajui?" Alikaa kimya. Kisha akalia. "Nilidhani ninamlinda," alisema.

Usiku ule aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda, wakazungumza mpaka majogoo. Mama hakuomba makubwa. Binti yake mziwanda abaki Keko kwa mama mdogo mpaka amalize darasa la saba. Yeye asikimbizwe tena hospitali, isipokuwa maumivu yakishindikana. Azikwe hapa hapa, ili watoto wapate kufika kaburini kwake. Mume akayaandika katika daftari la shule, naye mgonjwa akatia sahihi mbele ya mama mdogo na mzee wa kanisa.

Alifariki nyumbani kwake baada ya wiki tano, mume akiwa amemshika mkono. Msibani, chini ya turubai, ndugu walipoanza kuulizana juu ya maziko, mume alisimama akalisoma lile daftari. Hakuna aliyepaza sauti.

Mpendwa msomaji, kama mna mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, usingoje siku atakapokuwa hawezi tena kujibu. Vuta kigoda leo, umshike mkono, umwulize.