Ini ni kituo cha mpakani: Picha inayomfundisha mfamasia mgongano wa dawa

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Namanga anaijua foleni. Maofisa wakiwa wengi, mizigo hupita upesi. Wakipungua, malori hujaa barabarani. Picha hiyo humsaidia mwanafunzi wa famasi kuelewa somo linalowasumbua wengi: mwingiliano wa dawa mwilini.

Badala ya kukariri majedwali marefu, mwanafunzi huchora ini kama kituo cha mpakani. Vimeng'enya ndio maofisa, dawa ndiyo mizigo.

Mshale wa kijani ni wa dawa zinazoongeza maofisa. Mfano ni rifampisini ya kifua kikuu. Ndani ya wiki mbili hivi, ini huanza kuziondoa dawa nyingine haraka kupita kawaida. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba bila kutarajia. Anayeishi na VVU, aliyekuwa akimeza dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku, huongezewa iwe mara mbili.

Mshale mwekundu ni wa dawa zinazowafunga maofisa mikono. Antibiotiki ya klarithromaisini ikitumiwa pamoja na simvastatini ya kupunguza lehemu, simvastatini hurundikana katika damu na inaweza kuharibu misuli.

Mgongano mwingine hutokea kabla ya kufika kwenye ini. Siprofloksasini ikikutana tumboni na dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini, hunaswa na hainyonywi vizuri. Hapo huchorwa saa: siprofloksasini imezwe angalau saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake.

Kwa msafiri, hatari nyingine ni majina. Panadol ni parasetamoli. Dawa ya mafua iliyonunuliwa ng'ambo kwa jina geni inaweza kuwa na parasetamoli hiyo hiyo. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ini huwa hatarini.

Kwa hiyo pakiti isitupwe. Ionyeshwe dukani kabla ya kununua dawa nyingine, na dawa ya kifua kikuu isikatishwe bila ushauri wa mtaalamu. Mfamasia aliyeichora foleni hiyo hatatoa dawa kabla ya kuuliza: "Unatumia dawa gani nyingine?"