Kushuka frii hakuokoi dizeli

Kila dizeli inapopanda bei, madereva wa pikapu hapa Mpanda huniuliza jambo lile lile: ukishuka Lyamba lya Mfipa kuja Sitalike gari likiwa frii, unaokoa lita ngapi? Huokoi. Unaongeza matumizi, na nimechoka kulirudia hili kwa watu walioshika usukani miaka mingi.

Imani yenyewe ni kwamba injini ikinguruma sana lazima inakula, na ikinguruma taratibu haili. Chukua Land Cruiser ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gavana iliyo ndani ya pampu inakuta mzunguko uko juu ya unaotakiwa, inafunga dizeli. Nozo hazipati kitu, hata kama mlio unatisha. Kwenye Hilux za D-4D kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Dizeli hurudi injini inapokaribia mzunguko wake wa chini kabisa.

Sasa toa gia. Magurudumu hayaizungushi injini tena, kwa hiyo pampu inalazimika kuilisha muda wote wa kushuka ili isizimike. Injini ya ukubwa huo hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa gari likiwa limesimama tu. Mteremko wa dakika 12 unakugharimu kama mililita 100 hadi 200, wakati mwenzako aliyeshuka na gia ya tatu hakutumia hata tone. Ni kweli kwamba kwenye mteremko mdogo gari lililo frii huserereka mbali kidogo kabla hujakanyaga mafuta tena, lakini faida hiyo ni ndogo mno, na hakuna anayeniuliza habari za vimteremko. Wanauliza habari za milima.

Na milimani ndiko kunakoua. Gari la tani 3 likishuka mita 500 kwenda chini linaachia nguvu ambayo, ikigeuka joto, inatosha kuchemsha maji ya ndoo mbili za lita 20. Ukiwa na gia ya chini, injini inameza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Ukiwa frii, mzigo huo unaangukia breki: pedi zinaungua, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama hadi sakafuni. Wapo wanaozima injini kabisa, na hao sijui niwaambieje. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki za 1HZ imefungwa nyuma ya alteneta. Injini ikisimama nayo inasimama. Ukikanyaga mara chache msaada umekwisha, usukani umekuwa mzito, na ukiupitiliza ufunguo usukani unajifunga. Nyuma mmepakia magunia ya mpunga wa Mpimbwe, na juu ya magunia wamekaa watu.

Kuchanganya mafuta ya taa nako msinitajie. Lita yake ina nguvu pungufu kuliko ya dizeli na hailainishi pampu vizuri. Pampu ikilika, bei yake utaijua.

Yanayookoa mnayajua, hamyafanyi. Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, usikadirie kwa kupiga teke. Kiangazi, vumbi la barabara ya Karema huziba chujio la hewa haraka, likague mara kwa mara. Toa maji yaliyomo kwenye chujio la dizeli. Loki za magurudumu ya mbele zifungue ukitoka kwenye tope. Keria tupu ishushe. Usiache injini inanguruma unapokunywa chai. Kwenye lami ya Tabora punguza mwendo: ukitoka 80 kwenda 100, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na Land Cruiser ina uso mpana.

Halafu pima. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, tembea kazi zako za wiki, jaza tena kwenye pampu ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita. 1HZ yenye mzigo wa wastani ikikupa kilomita 7 hadi 9 kwa lita, ni nzima. Ikikupa 5, ina ugonjwa unaotibika gereji: lilete gari, na unapolileta shuka mlima na gia.